Sura ya Nne: Aliyepatwa na Asiye na Adabu

Katika miongozo ya utabibu inayotumika leo, usonji na hali inayojulikana kwa kifupisho cha ADHD, yaani upungufu wa umakini unaoambatana na utukutu uliopita kiasi, zimewekwa katika fungu moja la hali za ukuaji wa ubongo, kwa sababu zote mbili huanza mapema utotoni, kwa wengi huendelea hadi utu uzima, hurithiwa kwa kiwango kikubwa, na mara nyingi hukutana ndani ya mtoto mmoja. Kwa watu wa kawaida, hususan wa pwani ya Afrika Mashariki ambayo sura hii inaitazama kwa karibu, hali hizo hazina undugu wowote. Mtoto mwenye usonji, hasa yule asiyesema, huonekana kuwa amepatwa na jambo: amerogwa, ameingiliwa na pepo, au analipia kosa la wazazi wake. Mtoto mwenye ADHD huonekana kuwa hana adabu. Wa kwanza hupelekwa kwa mganga, kwa shehe au kwa mchungaji. Wa pili huchapwa. Mpaka huo ambao jamii imeuchora kati ya hali mbili ambazo tiba inaziona kuwa jirani ndio unaoamua ni mtoto gani atahurumiwa na ni yupi atalaumiwa, na anayetaka kuelewa kwa nini mtaalamu na mzazi huzungumza bila kuelewana hana budi kuanzia hapo.

Mtaalamu huutambua usonji kwa mambo mawili. La kwanza ni ugumu wa kudumu katika mawasiliano na mahusiano: mtoto haitiki anapoitwa jina lake ingawa masikio yake ni mazima, haonyeshi kitu kwa kidole ili mwenzake naye akione, au akiwa anasema, hurudia maneno aliyoyasikia bila kuyatumia kuzungumza na mtu. La pili ni tabia na mapendeleo yanayojirudia, pamoja na milango ya fahamu inayopokea mambo kwa namna isiyo ya kawaida, kiasi kwamba mngurumo wa mashine ya kusaga unaweza kumliza mtoto, au shati jipya likawa halivaliki kabisa. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayothibitisha usonji. Utambuzi hupatikana kwa kumtazama mtoto na kusikiliza historia ya ukuaji wake. Kwa kuwa dalili hizo hutofautiana mno kwa ukali, wataalamu huzungumzia wigo wa usonji, na ndani ya wigo huo yumo mtu asiyetamka neno maisha yake yote, na yumo pia mtu aliyesoma, anayefanya kazi na kuishi peke yake, ambaye jirani zake humjua tu kama mtu wa kipekee. Watu wa kawaida humtambua wa kwanza na hawamjui wa pili.

Kuhusu ADHD, toleo la tano la mwongozo wa chama cha madaktari wa magonjwa ya akili cha Marekani, lililotolewa mwaka 2013, linaorodhesha dalili 9 za kukosa umakini na dalili 9 za utukutu na pupa, na linataka mtoto awe na angalau 6 za upande mmoja kwa muda usiopungua miezi 6, baadhi yake ziwe zilijitokeza kabla hajatimiza miaka 12, zionekane katika mazingira mawili au zaidi, na ziwe zinamkwaza katika maisha yake. Sharti la mazingira mawili lina uzito kuliko linavyoonekana, kwani ndilo linalomtenganisha mtoto mwenye hali hiyo na mtoto asiyetulia darasani kwa sababu mwalimu anamtisha au kwa sababu amekuja shuleni na njaa. Toleo lililotangulia, la mwaka 1994, lilikataza mtoto mmoja kutambuliwa kuwa na usonji na ADHD kwa wakati mmoja. La mwaka 2013 likaruhusu. Watoto hawakubadilika katika kipindi hicho. Kilichobadilika ni macho ya waliowatazama.

Maarifa ya wataalamu, kwa hakika, yamepitia njia yenye makosa mazito, na mojawapo linahusu moja kwa moja jambo linalojadiliwa hapa. Katika miaka ya 1920 daktari Grunya Sukhareva wa Moscow aliwachunguza wavulana 6 ambao maelezo yao yanafanana sana na yale yanayoitwa usonji leo, lakini kazi yake haikupata wasomaji wengi. Mwaka 1943 Leo Kanner, daktari wa watoto wenye matatizo ya akili mjini Baltimore, aliandika kuhusu watoto 11, na makala yake ndiyo iliyolipa jambo hili nafasi katika tiba. Kanner alisema kwamba hali hiyo ilionekana kuwa ya kuzaliwa nayo, lakini aligusia pia ubaridi wa wazazi, na katika miaka iliyofuata wazo hilo la pili ndilo lililoshika mizizi. Mama akaambiwa kwamba mtoto wake amejifungia ndani ya nafsi yake kwa sababu yeye hakumpenda. Bruno Bettelheim, aliyeongoza shule ya watoto wa namna hiyo Chicago, alilieneza wazo hilo kwa nguvu katika kitabu chake The Empty Fortress cha mwaka 1967, na lilikubaliwa na wasomi wengi ingawa halikuwa na ushahidi.

Aliyeanza kulivunja alikuwa mzazi. Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa na mtoto mwenye usonji, alichapisha kitabu mwaka 1964 akionyesha kwamba chanzo kimo katika mwili, wala si katika malezi. Mwaka 1969 Kanner mwenyewe alisimama mbele ya mkutano wa wazazi nchini Marekani akawatangazia kwamba hawana hatia. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walichapisha uchunguzi wa jozi 21 za mapacha huko Uingereza: kati ya jozi 11 za mapacha wa kufanana, jozi 4 zilikuwa na usonji kwa watoto wote wawili, na kati ya jozi 10 za wasiofanana hapakuwa na hata moja. Uchunguzi ulikuwa mdogo, lakini ulielekeza kwenye urithi, na tafiti kubwa zilizofuata zimeuthibitisha mwelekeo huo. Mtaalamu wa leo anapaswa kuikumbuka historia hii kabla ya kumdharau mama aliyetoka kwa mganga, kwa maana kwa miaka mingi kliniki za nchi tajiri zilimwambia mama kama huyo jambo lile lile ambalo mavyaa wake humwambia hadi leo, kwamba kilichompata mtoto kimetoka kwake.

Kwa upande wa pwani ya Kenya, chanzo kizuri cha kuelewa fikra za watu ni utafiti wa Joseph Gona na wenzake uliochapishwa mwaka 2015, ambao ulikusanya maoni ya washiriki 103 wa asili mbalimbali, wakiwemo wazazi wa watoto wenye usonji, walimu wa elimu maalumu, matabibu na maofisa wa ustawi wa jamii. Walipoulizwa kuhusu chanzo, washiriki walitaja mapepo, uchawi na laana. Walitaja pia maambukizi, matumizi ya dawa za kulevya, matatizo wakati wa kujifungua, utapiamlo na urithi. Walipoulizwa kuhusu tiba, walitaja waganga wa jadi, maombi kwa Mwenyezi Mungu, na hospitali. Watafiti walihitimisha kwamba mitazamo hiyo ilifanana bila kujali tofauti za kitamaduni, na hilo ni jambo la kutafakari katika ukanda ambako Mmijikenda, Mswahili, Mhindi na mtu wa bara wanaishi mtaa mmoja huku kila mmoja akiwa na mila zake. La kutafakari zaidi ni kwamba maelezo ya kiroho na ya kitabibu hayafukuzani. Mzazi anaweza kuamini kwamba mtoto alikosa hewa wakati wa kuzaliwa na papo hapo akaamini kwamba kukosa hewa huko kulitumwa na mtu, kwa sababu maelezo ya kwanza yanaeleza jambo lilivyotokea na ya pili yanaeleza kwa nini lilimtokea yeye.

Swali hilo la pili ndilo ambalo mtaalamu hulikwepa, ama kwa sababu haoni kwamba limeulizwa, ama kwa sababu sayansi haina jibu la mtu mmoja mmoja. Sayansi inaweza kusema kwamba kati ya watoto wengi, sehemu kubwa ya tofauti inatokana na jeni, yaani vinasaba ambavyo mtoto hupokea kwa wazazi, na kwamba baadhi ya mabadiliko ya jeni hutokea upya bila wazazi kuwa nayo. Haiwezi kumwambia mama wa Malindi kwa nini mwanawe wa tatu na si wa kwanza. Mganga analo jibu, tena analitoa siku hiyo hiyo, na kwa kawaida analitoa kwa lugha ya mgonjwa, mbele ya ukoo, bila foleni na bila kumwambia mzazi arudi baada ya miezi mitatu. Ramli hiyo inaweza kuvunja ndoa na kugombanisha ndugu, na hasara zake hazipaswi kufichwa. Lakini kuiita ujinga ni kukosa kuona kwamba inajibu swali halisi.

Zaidi ya hayo, mwenendo wa usonji wenyewe huipa imani hiyo nguvu. Wapo watoto ambao huanza kusema maneno machache, hutabasamu, hucheza, halafu kati ya mwaka mmoja na miaka miwili maneno yale hupotea, na mtoto aliyekuwa akimkimbilia baba yake mlangoni hageuki tena kumtazama. Wataalamu huita jambo hili kurudi nyuma kwa ukuaji. Mzazi aliyeliona kwa macho yake hawezi kuridhika akiambiwa kwamba mtoto alizaliwa hivyo. Katika ukanda wenye malaria upo pia ugumu mwingine: degedege, ambalo kwa miaka mingi limehusishwa na ndege au pepo anayewaandama watoto, na ambalo wataalamu huliona kuwa mtukutiko wa mwili unaotokana na homa au na malaria iliyofika kwenye ubongo. Mwaka 1996 watafiti waliofanya kazi wilayani Bagamoyo walichapisha maelezo ya jinsi wazazi walivyotibu degedege, wakionyesha kwamba hali hiyo ilionekana kuwa jambo tofauti na malaria na kwa hiyo ilitafutiwa dawa za jadi. Tafiti za Kilifi nazo zimeonyesha kwamba malaria kali ya ubongo inaweza kumwachia mtoto ulemavu wa kusema, kujifunza na kujimudu. Mzazi anayesema kwamba mwanawe alibadilika baada ya homa anaweza kuwa anasema kweli tupu, hata kama jina analolipa jambo hilo si lile la daktari, na daktari asiyemsikiliza hadi mwisho hupoteza taarifa ambayo hakuna kipimo kitakachompa.

Wataalamu nao waliwahi kudhani kwamba Afrika haina usonji. Victor Lotter, aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza kukadiria idadi ya watoto wenye usonji huko Uingereza, alitembelea taasisi za watoto wenye ulemavu wa akili katika miji kadhaa ya Afrika, na katika makala ya mwaka 1978 alieleza kwamba aliwapata wachache mno. Ni rahisi leo kuona kwamba watoto wengi hawakuwa katika taasisi hizo hata kidogo. Walikuwa nyumbani, baadhi yao chumba cha ndani, wakitunzwa na bibi zao na kufichwa wageni wanapobisha hodi. Kutoonekana huko kulizaa dhana ambayo ingali mitaani, kwamba usonji ni ugonjwa wa Wazungu au wa watoto wa matajiri wanaolelewa na televisheni.

Vyombo vya uchunguzi vyenyewe vinabeba mila za mahali vilikotungwa. Maswali mengi ya uchunguzi wa awali humuuliza mzazi kama mtoto humtazama mtu usoni, kama hucheza kwa kuigiza akitumia vidoli, kama hunyoosha kidole kuonyesha kitu. Katika nyumba nyingi za pwani, mtoto anayemkodolea macho mtu mzima anapozungumza naye huonekana mjeuri, na kuinamisha uso ni dalili ya malezi mema. Vidoli vya dukani havipo, na mchezo wa kuigiza hufanywa kwa vifuu na makopo, tena pamoja na watoto wenzake, mbali na macho ya mama anayeulizwa. Mtaalamu makini hutofautisha mtoto anayeinamisha macho kwa heshima na mtoto ambaye hajui kwamba uso wa mwenzake una habari, lakini karatasi ya maswali peke yake haiwezi kutofautisha. Nchini Uganda, Angelina Kakooza-Mwesige na wenzake walilikabili tatizo hili kwa kuchukua maswali 10 yaliyokwisha kuzoeleka katika kuchunguza ulemavu wa watoto, wakayaongezea 13 yanayogusa usonji, na kuyajaribu kwa watoto zaidi ya 1,000 wa Kampala na Wakiso. Kazi ya namna hiyo haina sifa za kung'aa, lakini bila hiyo takwimu zote za kanda hii zitakuwa za kubahatisha.

ADHD imepata bahati mbaya zaidi. Hakuna anayesema kwamba mtoto mtukutu amerogwa, na pengine angesemwa hivyo angepata huruma. Hujulikana kama mtundu, mkorofi, asiyesikia, mvivu wa kusoma. Na kwa kuwa kuna siku ambazo hukaa saa nzima akitengeneza gari la waya bila kuinua kichwa, mwalimu na mzazi huhitimisha kwamba anaweza kutulia akitaka, ila hataki. Hapo ndipo mtaalamu na mtu wa kawaida hutengana kabisa. Kwa mtaalamu, umakini unaokuja kwa jambo linalopendwa na kukimbia kwa jambo la lazima ni sehemu ya hali yenyewe, inayohusishwa na jinsi ubongo unavyotumia dopamini, kemikali inayosaidia kupeleka ishara za hamu na za zawadi. Kwa mzazi, huo ndio ushahidi wa ukaidi. Mtoto mwenye ADHD ya kukosa umakini bila utukutu, ambaye mara nyingi ni msichana anayekaa kimya dirishani huku mawazo yake yakiwa mbali, haonwi na yeyote kati yao.

Fimbo ndiyo tiba iliyozoeleka. Kenya ilipiga marufuku adhabu ya viboko shuleni mwaka 2001. Tanzania inaruhusu bado, kwa kanuni zinazoweka kikomo cha viboko 4 na kumtaka mkuu wa shule atoe idhini. Katika nchi zote mbili sheria ni jambo moja na darasa lenye wanafunzi wengi ni jambo jingine. Mtoto ambaye ubongo wake huchelewa kuzuia mwili hupigwa kwa kosa lile lile wiki baada ya wiki, na kwa kuwa fimbo haikumfundisha kile asichoweza, huongezwa nyingine. Hili ni dhuluma, na kitabu hiki hakitalitafutia jina laini zaidi.

Hata hivyo, wasiwasi wa watu wa kawaida kwamba wataalamu wanaweza kuugeuza utoto kuwa ugonjwa hauna budi kuheshimiwa, maana una ushahidi. Katika jimbo la British Columbia nchini Kanada, ambako watoto waliozaliwa Januari hadi Desemba huanza shule pamoja, utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kuhusu watoto zaidi ya 900,000 ulionyesha kwamba wavulana waliozaliwa Desemba walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi kwa asilimia 30 wa kutambuliwa kuwa na ADHD kuliko waliozaliwa Januari. Tofauti ya takriban miezi 11 ya umri ilikuwa imesomwa kama tofauti ya ubongo. Wataalamu wenyewe hawajaafikiana kuhusu dawa: methilfenideti, inayotumika tangu karne iliyopita kuongeza umakini na ambayo kwa watoto wengi hupunguza dalili, ilikataliwa na kamati ya Shirika la Afya Duniani ilipoombewa nafasi katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2019, na tena mwaka 2021. Baba anayesita kumpa mwanawe dawa hiyo hastahili kuhesabiwa miongoni mwa wasioelewa.

Wapo pia waliosahauliwa na pande zote mbili, nao ni watu wenye hali hizi. Mwaka 1993 Jim Sinclair, mwenye usonji, aliwaeleza wazazi kwamba huzuni yao ni ya mtoto waliyemtarajia, na kwamba mtoto aliyepo haombolezewi kwa kuwa yuko hai na anawahitaji. Mwaka 2012 Damian Milton, mwanasosholojia wa Uingereza ambaye naye ana usonji, alijenga hoja kwamba kutoelewana kati ya mwenye usonji na asiye nao ni kwa pande mbili, kwa sababu wasio na usonji nao hushindwa kusoma hisia za wenye usonji. Hoja hiyo inawagusa mganga na daktari kwa usawa, kwani wote wawili wamezoea kumtazama mtoto kama fumbo ambalo ufunguo wake uko kwa mtu mwingine.

Katika miaka ya karibuni Shirika la Afya Duniani limetunga mafunzo kwa walezi wa watoto wenye ucheleweshaji wa ukuaji, usonji ukiwemo, yenye vikao 9 vya vikundi na matembezi 3 ya nyumbani, na yakaendeshwa na watu wasio mabingwa baada ya kufundishwa. Yamejaribiwa Ethiopia, na watafiti wa Kenya wameingia katika kazi hiyo. Mlezi hajifunzi majina ya magonjwa. Hujifunza kukaa chini usawa wa mtoto, kufuata anachokitazama, na kutumia kuoga, kula na kuchambua mchele kama nafasi za kumwalika mtoto kuwasiliana. Hakuna sehemu ya mafunzo hayo inayomtaka mzazi aape kwanza kwamba ameacha maombi au hirizi. Kwa mtoto mwenye ADHD hakujawa na juhudi ya ukubwa huo katika kanda hii, na atakayeianzisha atalazimika kuianzia darasani, kwa walimu, ambao ndio wanaomwona mtoto huyo saa nyingi zaidi na ambao vyuo vyao huwafundisha machache sana kumhusu.